Bata wa shangazi na nguruwe wa binamu: siku saba kutoka Mwanza hadi Lutembe

Siku ya 1, Jumapili. Mwanza

Meli inang'oa nanga saa 3 usiku, ila mimi saa 11 jioni nilishakuwa bandarini, tabia ya wastaafu. Begi langu ni zito kuliko la mtu anayekwenda kusalimia ndugu: gambuti jozi mbili, chupa ya jiki, brashi ya kufulia, ndoo ndogo. Mke wangu alipoona nafunga vitu hivyo akaniuliza kama nakwenda kwa shangazi au nimeajiriwa kuosha meli.

Safari yenyewe imetokana na simu. Nilikuwa bwana mifugo kwa miaka mingi, sasa nafuga kuku wa kienyeji na bata pale Igombe, hatua chache kutoka Ziwa Victoria. Desemba binamu yangu wa Masaka, Uganda, alinipigia. Bata na kuku wake wanalala banda moja na nguruwe, na jirani yake kamwambia kwamba banda la namna hiyo ndimo linamozaliwa gonjwa la kuua dunia nzima. Je, ni kweli? Nilimjibu kwa haraka, "Ndiyo na hapana," tukahamia habari za mahari ya binti yake. Nilipokata simu niliona aibu. Jibu la namna hiyo hulitoa mtu asiyetaka kusumbuliwa.

Basi nakwenda kulijibu kwa miguu. Nimechagua Februari makusudi, kwa sababu ndege wa kutoka ng'ambo bado wako ziwani. Wanaingia Oktoba, wanaondoka kuelekea Aprili.

Siku ya 2, Jumatatu. Bukoba

Alfajiri tulisimama Kemondo kushusha mizigo, jua lilipochomoza tukawa Bukoba. Shangazi anaishi nje kidogo ya mji, kwenye kibanja cha migomba na kahawa kinachoteremka mpaka bonde la mafunjo, na mafunjo yenyewe yanaishia ziwani. Nilimwamkia, akanipokea kwa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna.

"Marahaba, baba. Umenona. Hizo gambuti za nini, kuna mafuriko?"

Nilimwambia nimekuja kuangalia kuku na bata wake. Nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kujua kwamba ni baya: kuku wana mafua?

"Wanayo kila mwaka," alisema bila wasiwasi. "Uso unavimba, makamasi yananuka. Nawapa dawa, wanapona."

Hapo ndipo lugha yetu inapotuangusha. *Mafua ya kuku* anayoyasema shangazi husababishwa na bakteria, na dawa za dukani huwa zinayapunguza. *Mafua ya ndege* ni kitu kingine kabisa, ni virusi vya influenza, ndugu wa mafua yetu sisi, na hayana dawa ya kuku. Yakiwa ya aina kali, kuku hapigi hata chafya. Unamkuta amekufa bandani, pengine upanga wa kichwani umegeuka zambarau na miguu ina michirizi ya damu chini ya ngozi. Halafu kuna kideri, wengine wanakiita mdondo, nacho kinafagia banda kwa siku chache: kuhara kijani, shingo kupinda. Kwa macho, mafua makali ya ndege na kideri huwezi kuvitenganisha. Mimi siwezi, na nimepasua kuku wengi. Ni maabara tu. Kwa hiyo mkulima anayesema "ni kideri tu, tumekizoea" huenda anasema kweli mara tisini na tisa, na ile ya mia hakuna atakayeijua.

Shangazi huwachanja kuku wake matone ya jicho ya kideri kila baada ya miezi 3. Nilifurahi, na si kwa ajili ya kideri peke yake. Kuku aliyechanjwa akifa ghafla, unajua kuna la kuuliza.

Baadaye nilikwenda nyuma ya nyumba. Nguruwe wake ni jike mmoja na wanawe watatu waliokwisha kuwa wakubwa, wote wamefungwa kamba mguuni chini ya mwembe. Hori lao lilinifanya nisimame. Zamani lilikuwa mtumbwi wa kukamulia ndizi za rubisi, yaani pombe ya ndizi. Ulipopasuka ubavu, mjukuu akaukata nusu na kuuziba kwa lami, ukawa chombo cha nguruwe. Ndani mlikuwa na maganda ya ndizi, machicha ya rubisi na maji yaliyooshea vyombo, yamepoa kwenye kivuli.

Saa 10 jioni bata saba walipanda kutoka bondeni kwa mstari, matope mpaka kifuani. Wa kwanza aliruka ndani ya hori kwa miguu yote miwili. Akatikisa mkia, akanya, akaanza kuchuja maji ya machicha kwa mdomo, ule mlio wa *chwa-chwa-chwa*. Nguruwe jike wala hakumtazama. Alisukuma pua kando ya bata, wakala.

Nilikaa pale juu ya kinu mpaka wakashiba. Kitabuni hakuna mchoro unaolieleza jambo hili vizuri kuliko hori lile. Kwa bata, virusi vya mafua hukaa zaidi tumboni kuliko puani, na hutoka na kinyesi. Bata wa kufugwa anaweza kuvibeba siku kadhaa akiwa mzima, anakula, anatembea. Bondeni anaogelea maji yale yale wanamoshinda mabata mwitu, yangeyange na buabua waliotoka ng'ambo. Maji yakiwa ya baridi na kivuli, virusi hudumu humo siku nyingi, hata wiki kadhaa. Pakavu penye jua kali havikai. Kwa hiyo kinachosafiri kutoka ziwani kuja kwa nguruwe wa shangazi ni matope ya miguu ya bata na kinyesi chake. Ndege wa angani hana haja ya kukanyaga kibanja hata mara moja.

Nilimshauri awafungie bata.

"Bata nimfunge? Bata ni mguu. Na chakula chao utanunua wewe?"

Nilinyamaza. Aliendelea kumenya ndizi, kisha akasema, kama anayekumbuka jambo lisilohusu, kwamba enzi za rubisi mtumbwi ukishamaliza kazi ulikuwa unafudikizwa, mvua na kuku wasiingie. Nguruwe wanaweza kula asubuhi kabla bata hawajafunguliwa. Wakimaliza, mjukuu anaufudikiza, unakauka juani mpaka kesho. Mbona ni rahisi.

Nimekaa semina nyingi, na wazo hilo sikulisikia hata moja.

Siku ya 3, Jumanne. Hapohapo

Mvua kutwa. Sikutoka.

Jambo moja tu la kuandika. Mjukuu, mvulana wa miaka 12, ana mafua, yale yetu ya kawaida, makamasi mpaka mdomoni. Ndiye anayelisha nguruwe. Alikwenda na beseni la maganda, akainama juu ya hori na kukohoa humo mara tatu, kisha akajifuta pua kwa kiganja na kumpapasa nguruwe mdogo kichwani kwa kiganja hicho hicho.

Tumezoea kuuliza nguruwe atatupa nini. Mwaka 2009 ilipozuka H1N1 dunia nzima ikaiita mafua ya nguruwe, na Misri iliamuru nguruwe wake wote wachinjwe, karibu 300,000, wakati ambapo hapakuwa na nguruwe hata mmoja wa Misri aliyekutwa na ugonjwa huo. Kairo ikabaki na taka mitaani, maana nguruwe hao ndio waliokuwa wakila mabaki ya chakula ya mji. Virusi vyenyewe vilikuwa vinasafiri kwa ndege za abiria. Miaka iliyofuata watafiti walipowapima nguruwe wa Kenya na Uganda, walikuta alama za virusi vile vile vya 2009, na njia iliyoaminika ni kwamba nguruwe walivipata kwa watu. Kwa mtu kama huyu mjukuu, mwenye beseni.

Nilimweleza shangazi. Akacheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo nguruwe ndiye wa kuvaa barakoa?"

Ndiyo, kwa namna fulani. Tulikubaliana mwenye mafua asilishe nguruwe wiki hiyo. Mjukuu alilipokea pendekezo hili kwa furaha isiyo ya kawaida.

Siku ya 4, Jumatano. Kyaka na Mutukula

Kabla ya kuondoka niliosha gambuti kwa brashi na sabuni mpaka soli zikawa nyeupe, kisha nikazichovya kwenye maji ya jiki. Sabuni peke yake inafanya kazi kubwa: virusi vya mafua vina ngozi ya mafuta, na sabuni huipasua. Ila matope lazima yatoke kwanza. Jiki juu ya matope ni pesa ya bure. Wataalamu wa mifugo tumekuwa tukitoka banda hadi banda na viatu vile vile tukihubiri usafi, nami nimo kwenye orodha hiyo.

Hiace ilijaza watu kama dagaa. Kyaka tulivuka mto Kagera. Wazee ndani ya gari walinyoosha vidole kama kawaida, wakisimulia daraja lililovunjwa na majeshi ya Amin mwaka 1978. Chini ya daraja maji yalikuwa mekundu, na kushoto kwangu tambarare yenye madimbwi ilionekana inakwenda bila kikomo. Maji haya huenda kukutana na misitu ya kinamasi ya Minziro, na ng'ambo ya mpaka bonde ni lile lile, ila linaitwa Sango Bay. Ndege hawana pasipoti, nilikuwa nimejiandaa kuandika hivyo, lakini nilipofika Mutukula niliona kuku nao hawana.

Mpaka wenyewe ni wa kisasa, ofisi za nchi mbili chini ya paa moja, mstari unakwenda. Ila ukikaa kibandani ukanywa chai, kama nilivyofanya mimi kwa saa nzima, unaona yanayopita pembeni. Bodaboda mmoja alibeba matenga mawili, moja juu ya jingine. Kuku wa tenga la juu walikuwa wakinyea wa chini. Alisimama kunywa soda, akamwaga maji kidogo ndani ya tenga kwa chupa ile ile aliyonywea, akaingia njia ya panya nyuma ya vibanda. Sijui alikuwa anatoka upande gani kwenda upande gani. Kwa jambo ninaloliandika haina tofauti.

Nikimlaumu kijana huyu nitakuwa mnafiki. Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijawa na akili hii, asubuhi moja nilikuta kuku wangu sita wamekufa na wengine wamejikunyata. Nilijua ni kideri. Kufikia saa 4 nilishauza 30 waliobaki kwa mchuuzi, kwa nusu bei, nikimwambia nahitaji ada ya shule. Ada ilikuwa kweli. Wiki mbili baadaye nikasikia kideri kimeingia kijiji cha pili kwenye barabara ile ile aliyopita. Sikuwahi kumwambia mtu kazini.

Najua basi kinachopita kichwani mwa mfugaji: kuku aliye hai ni pesa, aliyekufa ni kaburi. Akitoa taarifa, wanakuja kuua waliobaki, na fidia ni maneno. Tena soko linaanguka hata kwa asiye na ugonjwa. Uganda ilipotangaza mafua ya ndege Januari 2017, Kenya ilifunga mlango mara moja kwa kuku na mayai ya Uganda, na waliolia ni pamoja na wafugaji ambao hawajapoteza hata kifaranga. Mtu aliyeyaona hayo mara moja, mara ya pili atapiga simu kwa nani? Kwa mchuuzi.

Masaka nilifika jioni.

Siku ya 5, Alhamisi. Masaka

Binamu anakaa upande wa Nyendo, si mbali na kinamasi cha Nabajjuzi, ambacho ndicho kinachoupa mji maji ya kunywa. Ndani ya mafunjo yale kuna nzohe, swala mwenye kwato ndefu za kutembelea kwenye tope, na kamongo wengi. Mke wake alinipokea kwa magoti, kama ilivyo heshima ya Buganda, jambo ambalo kila mara hunipa haya. Watoto wananiita *ssebo*, yaani bwana. Kiswahili chao ni cha kuokoteza, Kiganda changu ni kibovu zaidi, binamu akawa mkalimani.

Banda lake ni zuri. Hilo nalisema kwanza kwa sababu alitumia pesa. Sakafu ya saruji, mabanzi, paa la bati, nguruwe 11. Juu ya nguruwe, kwenye fito zilizokingama chini ya paa, kuku wanalala. Usiku kinyesi kinadondoka chini, na nguruwe wanachokikuta wanakila. Alilisifia hilo: "Hakipotei kitu." Bata wana kona yao, lakini mlango wa kona haufungi.

Tulikaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, nikamjibu swali la Desemba.

Nilimwambia afikirie kirusi cha mafua kama mwizi mwenye ufunguo. Ufunguo wa mafua ya ndege umechongwa kwa kufuli za bata, na kwa binadamu kufuli za namna hiyo ziko chini sana mapafuni, huku puani na kooni tuna za aina nyingine. Ndiyo maana mtu anaweza kushinda na kuku wagonjwa asiambukizwe, au akaambukizwa akaumwa sana lakini asimpe jirani. Nguruwe koo lake lina kufuli za aina zote mbili. Mwizi wa bata anaingia, na mwizi wa binadamu anaingia pia. Wakikutana ndani ya chembe moja ya mwili wake usiku mmoja, lipo tatizo, kwa sababu virusi vya mafua vimebeba urithi wao katika vipande 8 vilivyoachana, kama karata. Vinachanganyika. Anayetoka anaweza kuwa na vipande vya huyu na vipande vya yule. Kile cha 2009 kilikuwa na vipande vyenye asili ya ndege, ya nguruwe na ya binadamu, vyote ndani ya kimoja.

"Basi jirani alisema kweli."

Alisema kipande. Karata huchanganywa mara nyingi na mara nyingi sana hutoka takataka, kirusi kisichoweza hata kuishi. Na mazizi ya namna hii yapo tangu babu zetu. Lakini kuna jambo la Oktoba 2024 ambalo nilimsimulia kwa sababu linafanana na banda lake mno. Huko Marekani, jimbo la Oregon, mtu mmoja alikuwa na kuku nyuma ya nyumba na nguruwe watano. Kuku wakapata H5N1, aina kali ya mafua ya ndege. Walipopima nguruwe, wawili wakakutwa nayo, mara ya kwanza kwa nguruwe nchini humo. Waliochunguza walisema wanyama wale walikuwa wanashirikiana maji, banda na vyombo. Vitu vitatu tu. Shamba halikuwa kubwa wala la kibiashara.

Binamu alitazama juu kwenye fito. Kuku mmoja alikuwa amerudi kutaga.

Akaniambia kinachomkosesha usingizi ni homa ya nguruwe. Aliwahi kupoteza nguruwe wote ndani ya wiki moja, na ugonjwa huo hauna dawa. Yuko sahihi kuuogopa. Kwa upande wa mfukoni hakuna ulinganisho: homa ya nguruwe haimgusi mtu lakini inafilisi, ilhali nguruwe mwenye mafua anakohoa, anakataa chakula siku chache, anarudi kula. Nani atatoa taarifa ya nguruwe aliyepona? Huu ndio ubaya wake, hauna kelele. Nilichompa faraja ni kwamba uzio ni mmoja: geti linalofunga, viatu vya bandani visivyotoka bandani, mabaki ya chakula yaliyochemshwa, mchuuzi asiyeingia ndani. Anachojenga kwa ajili ya homa kinafanya kazi na kwa mafua.

Fito tulizishusha kabla ya jua kuzama. Kuku watapata kibanda chao upande wa pili wa ua, na mpaka hapo watalala jikoni, jambo ambalo mke wake alilipokea kwa kimya kirefu.

Usiku tulikula *embizzi*, kitimoto ya kukaangwa na vitunguu, kavu sawasawa. Hiyo haina neno. Nyama ikiiva mpaka ndani, zaidi ya nyuzi 70, kirusi hakina kazi. Hatari iko kwa anayechinja na kunyonyoa, si kwa anayekula.

Siku ya 6, Ijumaa. Bukakata

Bukakata ndipo kivuko cha kwenda visiwa vya Ssese kinapopakia. Sikuvuka. Nilitaka kuona ufuko, kwa sababu mwaka 2017 bata na kuku wa vijiji vya hapa ndio waliokutwa na H5N8, aina nyingine kali ya mafua ya ndege, siku zile zile ndege wa porini walipokuwa wakifa kwenye ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe.

Mama mmoja anayeanika mukene, yaani dagaa, alikubali kuongea. Bata wake watano walikuwa wanazunguka juu ya nyavu za kuanikia, wanachagua. Alisema anakumbuka mwezi ule kwa sababu ya watu waliokuja na mavazi meupe mpaka usoni, watoto wakakimbia. Kabla yao, alisema, bata walikuwa wamekwisha kuanza kufa, na watu walifikiri ni sumu. Niliuliza bata waliokuwa wagonjwa walikwenda wapi. Alinitazama, akamtazama binamu, akasema kwa Kiganda maneno ambayo binamu aliyafupisha hivi: "Wengine walizikwa."

Sikuuliza wengine.

Uganda hakuna mtu aliyethibitika kuugua wakati ule. Kwa miaka kadhaa H5N8 ilihesabiwa kuwa ya ndege tu, mpaka Februari 2021 Urusi ilipotangaza wafanyakazi 7 wa shamba la kuku walioambukizwa. Nao hawakuumwa sana. Nalitaja kwa sababu vitabu nilivyosomea vingesema haiwezekani.

Mukene anayeanikwa pale, na bata wakimkanyaga, anauzwa pia kwa wanaochanganya chakula cha kuku. Niliandika hilo, nikaweka alama ya kuuliza, kisha nikaifuta. Jua la saa 7 pale ufukweni lilikuwa linachoma mpaka kwenye kope. Humo sidhani kama kirusi kinamaliza mchana. Tuwe na hofu, lakini tusiigawe kama pipi.

Siku ya 7, Jumamosi. Lutembe

Basi la Kampala. Lwera pande zote mbili za barabara maji, mashimo ya mchanga na mashamba ya mpunga palipokuwa mafunjo. Kayabwe tukavuka ikweta, Wazungu wawili wakipigwa picha ndani ya duara la saruji. Saa 8 nilikuwa Lutembe, kati ya Kampala na Entebbe, nikipatana bei na mwenye mtumbwi.

Ghuba ni ndogo, utadhani ungeipiga jiwe likafika ng'ambo. Tulipita kwenye mfereji kati ya kuta za mafunjo, kisha pakafunguka, na kwenye ulimi wa tope katikati kulikuwa na kitu nilichodhani ni povu. Mwenye mtumbwi alipiga kasia ubavuni. Povu likaruka. Buabua wa mabawa meupe, maelfu, walipanda kwa pamoja na kugeuka kwa pamoja, weupe, kisha kijivu, kisha weupe. Kelele yake ni kama mvua inayoanza juu ya bati.

Hao wanazaliana Ulaya ya mashariki na Asia. Januari 2017 wavuvi wa hapa waliwakuta wamekufa, wanaelea kwa mamia. Virusi vya ukoo ule vilikuwa vimeonekana Mei 2016 kwenye ziwa Uvs-Nuur, mpakani mwa Urusi na Mongolia, vikapita Ulaya majira ya baridi, vikafika hapa. Miezi michache baadaye vilikuwa Ituri, Kongo, kando ya ziwa Albert, na kufikia katikati ya mwaka Zimbabwe na Afrika Kusini. Sehemu ya safari hiyo ilifanywa na mabawa, sina ubishi. Sehemu nyingine nadhani niliiona Mutukula juu ya pikipiki.

Mwenye mtumbwi alisema wakati ule walikuwepo watu waliotaka mafunjo yachomwe ndege wasirudi. Mafunjo hayakuchomwa. Eneo hili linalindwa kwa mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa ardhi oevu, tangu 2006, na wao wanaishi kwa watalii wa ndege. Nilimwambia hata bila mkataba ingekuwa hasara. Ukimnyima buabua tope lake haendi Ulaya kabla ya wakati, anakwenda kwenye mpunga wa Lwera, na huko ndiko bata wa watu wanakoshinda. Hakuonekana kunisikiliza. Alikuwa anahesabu pesa zangu, akakuta zimepungua elfu mbili. Nikaongeza.

Tulipokuwa tunarudi simu ililia. Mjukuu, kutoka Bukoba, anataka kuripoti. Mafua yamepungua. Kila asubuhi nguruwe wanakula kwanza, wakimaliza anaufudikiza mtumbwi kama bibi alivyosema, na chini yake pamekauka kabisa.

Nikamwambia hongera sana.

"Ila bata, babu," akasema, "siku hizi wanalala juu yake."